Canter ya viazi: themostati nibadilishe lini? (shajara ya Juni mpaka Septemba)

4 Juni, Makambako. Odo (kilomita za gari) 386,130

Naanza kuandika leo maana nimechoka kubahatisha. Gari ni Canter, injini 4D33, ile ya silinda nne cc 4214 isiyo na tabo. Tunapakia viazi Njombe tunashusha Dar, kurudi tunabeba chochote kinachopatikana, bati, saruji, sabuni za maduka. Dereva ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu mkubwa, na hii gari moja ndo inalisha nyumba zetu mbili kwahiyo ikikohoa tu mimi silali.

Leo alfajiri kapiga simu kutoka Njombe. "Shem, hita imekufa, nimevaa makoti mawili na bado miguu siisikii." Juni hii Njombe asubuhi digrii 6 au 7 ni kawaida, mtu anayeendesha saa kumi na moja usiku bila hita anateseka kweli. Nkamuuliza geji ya temperecha inasomaje, akasema sindano imelala chini tangu juzi, kwenye kamlima inanyanyuka kidogo, wakianza kuteremka inarudi kulala.

Sasa hapo ndo pa kuangalia. Sisi wenye magari tumezoea kuogopa sindano ikienda juu, ikikaa chini tunaona raha, injini imepoa, mali iko salama. Mimi pia nilifikiri hivo miaka mingi. Lakini nikaunganisha na mambo mengine ya mwezi mzima: moshi mweupe asubuhi usiokata mpaka gari itembee sana, injini inagonga ile sauti ya baridi hata baada ya nusu saa barabarani, na dizeli. Safari ya mwisho Njombe Dar na kurudi, kama kilomita 1,420, imekunywa lita 285. Mwaka jana haikuwa hivo na mizigo ni ileile ya lumbesa.

Hita baridi, sindano chini, moshi, mafuta. Vinne kwa pamoja. Nahisi themostati, kile kivali kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta kufuatana na joto la injini, ila sitaki kununua kitu kwa kuhisi.

6 Juni. Odo 386,250

Kabla ya kuilaumu themostati nimetaka kujua kama geji inasema kweli, maana sensa ikifa au waya ukikatika sindano inalala vilevile wakati injini inaungua huku chini, na hiyo ni hatari kuliko yote.

Nimechomoa waya mmoja wa sensa, swichi iko on, nikaugusisha kwenye bodi sekunde moja tu: sindano ikapanda mpaka juu. Nikauachia: ikashuka. Basi geji na waya ni wazima. Imebaki sensa yenyewe, na njia ya kuijua ni kupima joto halisi kwa kifaa kingine.

Nimeazima kile kipimajoto cha bunduki kwa kijana anayetengeneza friji. Shemeji ametembea mpaka Njombe na kurudi, kama kilomita 120, bila mzigo, akaingia nyumbani injini inawaka tukafungua kebini palepale. Nikalenga hauzingi ya themostati, lile kasha lake la alminiamu: 41. Nikashtuka, haiwezekani, mkono wangu ulikuwa hauvumilii pale. Nikalenga mpira wa juu wa rejeta sentimita chache pembeni: 59. Ndo nikakumbuka kwamba hivi vifaa vinadanganywa na alminiamu inayong'aa, vinasoma chini sana. Nikabandika kipande cha selotepu nyeusi kwenye hauzingi, nikasubiri kidogo, nikalenga kwenye selotepu: 60. Sasa vinaelewana. Kama mtu unapima na bunduki usilenge chuma kinachong'aa, weka selotepu nyeusi au paka rangi kidogo, la sivyo utabadilisha spea ambazo hazina kosa.

Kwahiyo: injini imetembea kilomita 60 mfululizo inarudi na digrii 60. Ilitakiwa iwe kwenye themanini hivi. Geji iko sahihi, sensa iko sahihi, injini ni baridi kweli.

Na jambo lingine nimeshika mpira wa juu mapema asubuhi gari ikiwa imewaka dakika tano tu, tayari una uvuguvugu. Themostati nzima isingeruhusu maji yaende rejeta mapema vile, mpira ungekuwa baridi kabisa mpaka injini ipate joto lake halafu ghafla unachoma. Hiki kipimo cha mkono hakina gharama yoyote, kila dereva angeweza kukifanya asubuhi kabla ya kupakia, ila angalia feni isikukamate.

7 Juni

Leo nusura nipoteze hela nyingi. Tumepita kwa fundi mmoja kucheki nozeli, akafungua kifuniko cha kuwekea oili, chini ya kifuniko kuna utando kama maziwa ya mgando. Akasema palepale hedi gasketi imekufa, maji yanaingia kwenye oili, shusha hedi tuskimu, yani ikwanguliwe iwe bapa. Shemeji uso ukambadilika.

Nikaomba tutulie. Nikachomoa dipstiki: oili nyeusi ya kawaida, hakuna maziwa. Rejeta: maji yako palepale tulipoyaacha wiki iliyopita. Tukawasha injini rejeta ikiwa wazi, tukaangalia dakika kumi: hakuna mapovu. Nikamwambia, "Fundi, kama maji yanaingia kwenye oili lazima yapungue huku, mbona hayajapungua?" Akasema labda yanaingia kidogo.

Hoja yangu ni hii na bado naisimamia. Injini inapochoma dizeli inatengeneza mvuke wa maji, na sehemu yake inapenya pembeni ya ringi inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini ikiwa na joto lake ule mvuke unatoka. Injini ikikaa digrii 55, 60 kutwa nzima ule mvuke unageuka matone kwenye sehemu za juu zilizo baridi, na kifuniko cha oili ndo cha kwanza. Ndo yale maziwa. Na si maji tu, dizeli isiyoungua nayo inaosha kuta za silinda inashuka kwenye oili, ndo maana nimenusa dipstiki nikapata kaharufu ka dizeli. Injini ya baridi haifi siku moja, inalika taratibu, ringi na silinda zinakwisha wakati dereva anaona sindano iko chini na roho yake imetulia.

Hatukushusha hedi.

9 Juni. Odo 386,270

Tumefungua hauzingi, kazi ya boliti chache na mpira mmoja, injini ikiwa imelala usiku kucha baridi kabisa. Tumekinga maji kwenye beseni. Maji! Si kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, ni maji ya bomba yenye rangi ya chai. Aliyetuuzia gari alisema ana kulanti ndani, mimi sikufungua kuangalia wakati ule.

Themostati imetoka ikiwa wazi, vali imesimama kama milimita 4 kutoka kwenye kiti chake, baridi kabisa, inatakiwa imefunga. Kuna gamba la kutu limekaa kwenye kiti na springi imelika. Imegongwa 76.5, maana yake inatakiwa ianze kufunguka kwenye digrii 76 na nusu. Nimejaribu kuibana kwa vidole, hairudi. Hapa hakuna tena swali la kupima, hii imekufa.

Swali likawa jingine. Makambako yote sikupata ya injini hii, na mzigo wa viazi uko Njombe umeshafungwa, mwenye mzigo anapiga simu kila saa. Fundi kasema neno ambalo nimelisikia tangu utoto: "Toa tupa, funga bila. Hii ni Afrika, nchi ya joto, themostati ni ya Ulaya kwenye barafu." Shemeji akanitazama. "Shem, si tutanunua Dar? Safari moja tu."

Nilikubali. Mzigo wa mtu, viazi havingoji. Ila niliandika kwenye karatasi wapime wapi na wapi, nikampa shemeji ile bunduki na selotepu.

15 Juni, jioni. Odo 387,690

Vipimo vya shemeji, safari bila themostati, nakili kama alivyonipa:

Mafinga kwenda Iringa, mzigo kamili, asubuhi: 48. Kushuka mlima Kitonga na egzosti breki: 39, sindano haipo. Mikumi mchana, jua kali: 63. Chalinze: 66. Mpaka anaingia Dar na joto lote la Pwani haikufika 70.

Kurudi na bati, Mikumi 64. Ruaha Mbuyuni 68. Halafu Kitonga kupanda, gia ya pili, mchana: 80, 90, akasimama kwenye kona ya kupumulia sindano ikiwa karibu na nyekundu na bunduki inasema 104.

Yani gari ileile, safari ileile, tambarare inakufa baridi na mlimani inachemsha. Bila themostati.

Nimshukuru Mungu kwa utulivu wa shemeji. Hakuzima injini ghafla, kaiacha iunguruma taratibu, akafungulia hita mpaka mwisho na feni yake, maana kile kirejeta kidogo cha hita nacho kinatoa joto, tingo akaweka mawe kwenye matairi na matawi nyuma barabarani. Hakugusa kifuniko cha rejeta. Hakumwagia hedi maji ya baridi kama tunavyoona watu wanafanya pale mlimani kila siku mpaka hedi zinapasuka. Baada ya kama dakika ishirini ikashuka 82 akapanda kidogo kidogo mpaka Ilula.

Fundi nilipomsimulia alisema kwa sababu maji yanapita mbio kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa. Hii nimeisikia kwa watu wengi na siikubali, maji yakipita mengi zaidi kwenye rejeta joto linalotoka haliwezi kupungua kwa sababu ya mbio. Sababu iko kwenye baipasi, njia ya mkato ya maji isiyopita rejeta. Nimechukua tochi nikaangalia ndani ya ile hauzingi na nitaeleza kama nilivyoona maana hapa ndo kiini cha mradi wote.

Injini baridi: themostati imefunga njia ya rejeta, maji yanazunguka mkato, yanatoka kwenye hedi yanapita baipasi yanarudi wota pampu, yanapata joto haraka. Injini ikipata joto ile nta iliyofungiwa kwenye kile kikopo cha shaba inayeyuka inavimba, inasukuma pini, vali ya juu inafungua njia ya rejeta, na wakati huohuo kuna kisahani cha chini kinashuka kinaziba baipasi. Vali moja kazi mbili. Ikishafunguka yote, maji yote lazima yapite rejeta.

Ukiitoa, njia zote mbili ziko wazi muda wote. Tambarare na kushuka injini haina joto jingi, hata maji nusu yakipita rejeta yanatosha kuipooza mno, ndo zile 48 na 39. Kitonga injini inatoa joto lake lote, inahitaji kila tone lipite rejeta, na hapo ndo sehemu ya maji ya moto inakata kona kwenye baipasi inarudi injini ikiwa moto vilevile. Basi ikachemka. Kuna injini za muundo mwingine ambazo huenda zinavumilia, hii yenye kisahani cha chini haivumilii.

Na ndo maana siwezi tena kusikia neno "ni ya Ulaya" nikanyamaza. Njombe kuna baridi kuliko miji mingi ya huko nje wakati wa kiangazi chao. Na Kitonga kuna joto. Gari yetu inapita kote kuwili ndani ya siku moja.

16 Juni

Baada ya kuchemka nimekagua tena hedi gasketi kwa hofu. Rejeta wazi, mapovu hakuna. Mpira wa juu asubuhi haukai na presha. Oili haina maji. Tumepona.

Dar shemeji hakupata muda wa kupita Gerezani kununua, foleni na kushusha vilimmaliza. Kesho naenda Iringa mwenyewe.

18 Juni, Iringa na jikoni kwangu

Nimezunguka maduka ya spea nikarudi na tatu. Mbili za bei ndogo, 20,000 kila moja, moja ya 65,000. Muuzaji alinishangaa mtu wa Canter moja ananunua themostati tatu, nikamwambia moja nafunga, moja inakaa kwenye gari, moja sijui. Zote zimegongwa 76.5.

Nimezipima zote jikoni usiku huu kabla ya kufunga hata moja, na kuanzia leo sifungi themostati ambayo sijaichemsha kwanza, hata ikitoka kwenye boksi zuri kiasi gani.

Namna niliyofanya: unafungua vali kidogo kwa mikono (inahitaji nguvu), unapitisha uzi pale kwenye kiti, unaiachia vali inabana uzi. Unaining'iniza kwa huo uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, kwa sababu chini ya sufuria kuna moto kuliko maji. Kipimajoto cha jikoni nacho kining'inie karibu yake, kisiguse chini. Moto mdogo, unakoroga. Vali ikianza tu kufunguka inaachia uzi, themostati inadondoka, unasoma digrii palepale. Huhitaji macho makali wala kubishana.

Ya 65,000 imedondoka kwenye 77. Ya kwanza ya 20,000 imedondoka kwenye 79, si mbaya. Ya pili ya 20,000 haikudondoka mpaka 88.

Kisha nikaangalia zinanyanyuka kiasi gani maji yakiwa 90. Ya bei kubwa milimita 10 na kidogo. Ya kwanza ndogo 8. Ya pili 2. Milimita mbili! Hiyo ingefungwa kwenye gari, tambarare ungeona hita inachoma vizuri ukafurahi umetengeneza, ukafika Kitonga ukaua injini, na kila mtu angesema wota pampu au rejeta.

Tahadhari moja kwa watu wa huku juu. Makambako tuko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kwenye 94 hivi, hayafiki 100 hata ukae mpaka kesho. Kwa hii ya 76.5 inayofunguka yote kwenye 90 tuna nafasi ndogo lakini inatosha. Mwenye themostati ya kufunguka yote 95 asiitupe kwa kuona haijamaliza kufunguka, sufuria yake haikufika hapo. Kwenye gari haina shida kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashikilia presha, chetu kimeandikwa 0.9, na maji yenye presha yanachelewa kuchemka. Na ndo maana nimenunua na kifuniko kipya, raba ya kile cha zamani ilikuwa imepasuka.

Halafu upande wa kupoa, watu wengi wanasahau. Nimeitoa kwenye maji ya moto nikaiacha mezani: ya bei kubwa ilijifunga yote kabla sijamaliza kusafisha sufuria. Hii inayofunguka vizuri lakini hairudi kufunga ndo ugonjwa uliotuanzia.

19 Juni. Odo 387,705

Tumefunga. Mambo niliyosimamia mwenyewe:

Kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni ya themostati kimeelekea juu. Kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza maji, ukikigeuza chini hewa inabaki imejificha chini ya themostati, na nta iliyozungukwa na hewa badala ya maji inachelewa kufunguka.

Sehemu ya kukalia gasketi tumeikwangua mpaka alminiamu safi, gasketi mpya, hakuna kupaka silikoni rundo, maana vipande vya silikoni vinakatika ndani vinakwenda kukaa kwenye rejeta na kwenye themostati yenyewe.

Maji tumesukuma mara tatu mpaka yametoka meupe, kisha kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya chupa. Imetuuma bei yake. Lakini kutu iliyoua themostati ya kwanza ilitokana na maji ya bomba, sioni maana ya kuweka kifaa cha 65,000 kwenye maji yaleyale.

Kujaza taratibu, hita ikiwa imefunguliwa, injini iunguruma kifuniko wazi mpaka mapovu yaishe, mpira wa juu ubaki baridi, baridi, baridi, halafu dakika moja tu unachoma. Hapo shemeji aliushika akacheka peke yake. "Shem, imefungua!" Nimesikia raha ambayo siwezi kuieleza.

Joto hilo la kuifungua halikuja kwa kuunguruma tu, ilibidi tuendeshe. Dizeli ikiwa imesimama haitoi joto la maana, kwahiyo kuiacha iunguruma saa nzima asubuhi Njombe ni kuchoma mafuta bure. Washa, oili ipande, ondoka taratibu usiikanyage mpaka sindano inyanyuke.

Oili pia nimebadilisha siku hiyohiyo kabla ya kilomita zake kufika kwa sababu ya ile harufu ya dizeli.

2 Julai. Odo 390,560

Safari mbili zimekamilika. Njombe alfajiri digrii 7, kutoka stendi sindano imekaa katikati kabla ya kumaliza kilomita 12. Kushuka Kitonga inashuka kidogo tu, bunduki 72. Tambarare 78 mpaka 80 bila kuyumba. Kupanda Kitonga na saruji, ambayo ni nzito kuliko zile bati: 89, kwenye kona ya mwisho 91, ikarudi.

Dizeli: lita 270 na lita 267 kwa safari, dhidi ya 285. Sisemi ni themostati peke yake, mizigo ya kurudi haifanani na upepo haufanani. Lakini zote mbili zimekwenda upande mmoja.

Moshi mweupe sasa unaisha ndani ya dakika chache. Kifuniko cha oili ni kikavu. Hedi tuliyotaka kuishusha iko palepale.

11 Agosti. Odo 396,300

Jirani mwenye Canter ya 4D32 kaja kuniuliza, yake inachemsha kidogo mlimani, abadilishe themostati? Nikamwambia kaka tuanze kwa kupima, maana kuchemsha kuna sababu nyingi. Tumeenda nayo kwenye mlima, imeanza kupanda, tukasimama tukalenga: mpira wa juu 96, mpira wa chini wa rejeta 91. Themostati yake imefunguka basi, maji ya moto yanafika rejeta, tatizo ni kwamba yanatoka rejeta bado moto. Tumeangalia mbele, mapezi yamejaa majani na wadudu na udongo, tumeosha kutoka nyuma kwenda mbele. Imepona. Kama mpira wa juu ungekuwa baridi huku injini inaungua, hapo ningesema themostati imefunga haifunguki, simama usiende popote.

Hii imenifanya nikae niandike kwetu tunabadilisha lini, kwa sababu kununua kila mara ni hasara na kungoja mpaka ife ni hasara kubwa zaidi.

Tumekubaliana na shemeji hivi. Kila mwaka mwezi wa tano, mvua zikiisha na kabla ya baridi ya Juni, tunaitoa tunaichemsha kwenye sufuria kwa uzi. Ikianza mapema au ikichelewa kwa zaidi ya digrii 3, au isiponyanyuka milimita 8 kwenye 90, au isipofunga yote ikipoa, inatoka. Kila baada ya miaka miwili, tukibadilisha kulanti, tunaweka mpya hata kama ya zamani imefaulu, ile iliyofaulu ndo inakuwa ya akiba. Wota pampu ikifunguliwa kwa sababu yoyote, tunaweka mpya. Na gari ikichemka vibaya hata mara moja, mpya, sitaki kujua imefaulu au la, kwa sababu nta iliyopikwa kupita kiasi naiogopa.

Katikati ya mwaka kipimo ni kilomita. Kutoka baridi mpaka sindano katikati: kilomita 12 Njombe. Ikifika 20 safari mbili mfululizo, shemeji ananipigia. Hili la kilomita ndo nimelipenda kuliko yote, halihitaji bunduki wala sufuria, anaangalia odo tu.

Shemeji aliuliza kwanini safari mbili na siyo moja. Kwa sababu siku nyingine anaondoka mtupu, anateremka tu, injini haipati kazi. Moja inaweza kudanganya.

27 Septemba. Odo 402,840

Ile ya 20,000 iliyofaulu, ya 79, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na gasketi yake na boliti mbili, nimeandika kwa maka "imepimwa 18/6, inafungua 79", iko kwenye boksi la spana chini ya kiti. Ile ya 88 nimeikata kwa hakso nikaona kikopo cha nta ndani, mtoto wa dada kaichukua kwenda kuwaonyesha wenzake shuleni.

Leo Njombe kilomita 11 mpaka katikati. Joto linaanza sasa, Oktoba na Novemba ndo Kitonga panapikwa. Kilichobaki ni feni, kwenye 91 sijaisikia ikivuma kama zamani, nahisi ile klachi yake ya oili imechoka. Wiki ijayo shemeji akirudi tutaipima, naye nimemwambia alenge selotepu kabla na baada ya ile kona ya mwisho.